Baraza la Nyumba na Baraza la Mji

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili zinazokaribiana sana. Baraza ni kile kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali wanapokaa wageni na majirani kuzungumza jua linapokuchwa. Baraza vile vile ni mkutano wa watu waliopewa dhamana ya kuamua mambo ya umma: baraza la wazee, baraza la mji, Baraza la Mawaziri. Wahenga walikuwa na hekima walipozipa maana hizo jina moja, kwani mambo ya watu wengi huanza kuzungumzwa pale wanapokutana watu wengi. Hata hivyo tofauti ipo, nayo ni kubwa. Baraza la kwanza ni mali ya mwenye nyumba. Baraza la pili ni mali ya wananchi. Siku mambo ya baraza la pili yanapohamia kwenye baraza la kwanza, wananchi huwa wamenyang'anywa kitu, hata kama hakuna sheria iliyofutwa wala mtu aliyetangaza kuwa ametwaa serikali.

Iko nyumba moja katika mji wa Florence, nchini Italia, ambayo historia yake yaeleza jambo hili wazi kuliko vitabu vingi vya siasa. Hiyo ni Palazzo Medici, ambayo leo huitwa Palazzo Medici Riccardi. Ujenzi wake ulianza katikati ya miaka ya 1440, katika zama ambazo wanahistoria huziita Renesansi, yaani kuzaliwa upya kwa elimu na sanaa za kale za Wagiriki na Warumi. Haikujengwa kuwa ngome, wala kuwa jumba la mfalme, kwa sababu Florence haikuwa na mfalme. Ilijengwa kuwa makazi ya familia moja ya raia wa mjini. Na chini ya kuta zake, upande wa njia, limejengwa baraza refu la mawe. Mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa angelitambua mara moja, ingawa wajenzi wa kule na wajenzi wa pwani yetu hawakuigana. Hapo walikaa wapita njia waliochoka, wenye shida, na wenye haja ya kuonana na bwana mkubwa wa ndani.

MJI USIO NA MFALME

Ili kuielewa nyumba, sharti kwanza tuuelewe mji. Florence ya wakati huo ilikuwa jamhuri, na wakazi wake walijivunia sana jina hilo. Serikali yake, iliyoitwa Signoria, ilikuwa na watu tisa: Wakuu wanane na Mshika Bendera ya Haki. Watu hao tisa walishika madaraka kwa muda wa miezi miwili tu, kisha wakaondoka, wakaingia wengine. Majina ya wenye sifa za kuongoza yalitiwa katika mifuko ya ngozi, na kila wakati ulipofika yalichomolewa kwa bahati. Katika miezi yao miwili viongozi hao waliishi na kula ndani ya jengo la serikali, Palazzo della Signoria, lenye mnara mrefu na kengele. Nia ilikuwa kumzuia mtu yeyote asikae juu ya wenzake muda wa kutosha kuota mizizi.

Tusiipambe jamhuri hiyo kupita kiasi. Wenye haki ya kutia majina mifukoni walikuwa wachache, nao walikuwa wanachama wa vyama vya wafanyabiashara na mafundi. Maelfu ya wafanyakazi wa sufu, waliochambua, kusafisha na kupiga pamba za kondoo ambazo ndizo zilizoutajirisha mji, hawakuruhusiwa hata kuwa na chama chao. Mwaka 1378 walisimama, wakaliteka jengo la serikali, wakadai kuhesabiwa kuwa raia. Uasi wao ulivunjwa baada ya majuma machache, na kufika mwaka 1382 matajiri walikuwa wamekwisha kurudi katika viti vyao. Kwa hiyo jamhuri ilikuwa ya baadhi ya watu. Lakini ilikuwa na sheria, ilikuwa na zamu, na ilikuwa na jengo moja ambalo kila mtu alijua kuwa ndilo makao ya mambo ya umma.

Katika mji huo ndimo ilimokua familia ya Medici. Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki yake mjini Florence mwaka 1397. Mwanawe Cosimo, aliyezaliwa mwaka 1389, aliipanua hata ikawa na matawi Roma, Venice, Geneva, Bruges na London. Kanisa, kama Uislamu, lilikataza riba. Mabenki ya wakati huo yalipita kando ya katazo hilo kwa hati za hawala: fedha zilitolewa katika mji mmoja kwa sarafu moja, zikalipwa katika mji mwingine kwa sarafu nyingine, na faida ikajificha ndani ya kiwango cha kubadilishia. Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Papa mwenyewe.

Utajiri wa namna hiyo huzaa maadui. Mwaka 1433 wapinzani wa Cosimo walimkamata na kumfukuza mjini. Mwaka uliofuata, 1434, alirudi kwa shangwe, na safari hii wapinzani wake ndio waliokwenda uhamishoni. Hakujitangaza kuwa mtawala. Mifuko ya majina iliendelea kuwapo na miezi miwili ikaendelea kuhesabiwa. Kilichobadilika ni mikono iliyotia majina mifukoni. Marafiki wa Cosimo waliwekwa kuwa wasimamizi wa uchaguzi, nao walihakikisha kwamba hata bahati ikichomoa jina lolote, litakuwa jina la rafiki.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Mtu wa aina hiyo, aliye na nguvu zote na hana cheo cha kudumu, ajenge nyumba ya namna gani? Swali hilo halikuwa dogo. Akijenga banda, wageni wa nje watamdharau. Akijenga kasri, raia watasema amejifanya mfalme. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii zaidi ya miaka 100 baadaye, anasimulia kwamba Filippo Brunelleschi, fundi aliyelijengea kanisa kuu la Florence kuba lake kubwa, alimtengenezea Cosimo mfano wa jumba la fahari. Cosimo aliukataa kwa kuogopa husuda, na Brunelleschi kwa hasira akauvunja vipande vipande. Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi, kama visa vingi vya Vasari, lakini kinaeleza vema hesabu zilizokuwa kichwani mwa tajiri huyo. Kazi alipewa Michelozzo di Bartolomeo, msanifu na mchongaji aliyekuwa mtu wake wa karibu.

Mahali palipochaguliwa ni kwenye kona ya njia iliyoitwa Via Larga, yaani Njia Pana, ambayo leo huitwa Via Cavour. Ni hatua chache kutoka kanisa la San Lorenzo, ambalo familia hiyo ilikuwa ikilijenga upya kwa fedha zake. Nyumba kadhaa zilizokuwapo hapo zilibomolewa kupisha msingi. Familia ilihamia humo katika nusu ya pili ya miaka ya 1450.

Tuutazame uso wake. Nyumba ina orofa tatu, na kila orofa imejengwa kwa namna yake. Chini kabisa mawe ni makubwa, yametokeza nje, nayo yameachwa makwaruzo kama yalivyotoka machimboni. Orofa ya pili mawe yamesawazishwa, ila mstari kati ya jiwe na jiwe umechimbwa ukaonekana wazi. Orofa ya tatu ukuta ni laini, na mistari yake haionekani ila kwa mtu aliye karibu. Jicho lipandapo kutoka chini hutoka kwenye ukali likaenda kwenye upole, na nyumba ambayo ni nzito mno huonekana kuwa nyepesi kila inapopaa. Kila orofa pia ni fupi kuliko ile iliyo chini yake. Juu kabisa, chini ya paa, pana ukingo mkubwa wa mawe uliotokeza kama ukingo wa kofia, uliochongwa kwa mtindo wa majengo ya Warumi wa kale. Madirisha ya juu ni ya tao, na kila moja limegawanywa mara mbili kwa nguzo nyembamba katikati.

Mawe yenyewe ni ya huko huko, ya rangi ya kahawia, magumu, ambayo mji mzima wa Florence umejengwa kwayo. Mawe makwaruzo ya chini yalikuwa na maana ambayo kila raia aliisoma, kwani kuta za Palazzo della Signoria nazo zimejengwa kwa mawe yaliyotokeza namna hiyo. Nyumba ya raia ilivaa nguo ya nyumba ya serikali. Cosimo alikataa fahari ya wazi, kisha akachagua fahari ya kimya iliyosema mambo makubwa zaidi.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila jiwe la ukuta ule yuko mchimba mawe aliyelikata mlimani, mwenye mkokoteni aliyelivuta, mchongaji aliyelipasua kwa patasi, mwashi aliyelipandisha kwa kamba na gurudumu, na kibarua aliyechanganya chokaa. Historia imehifadhi jina la mwenye fedha na jina la msanifu. Kazi ya hao wengine imehifadhiwa na ukuta wenyewe, ambao baada ya karne karibu sita bado umesimama.

Kwenye kona ya nyumba, chini, Michelozzo aliacha mahali palipo wazi penye matao, ukumbi uliofunguka njiani. Hapo mtu yeyote angeweza kuingia kutoka mjini akafika chini ya dari ya Cosimo. Tuukumbuke ukumbi huo wa kona, maana tutarudi kwake.

Wahenga wa pwani husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Atakayevuka mlango wa Palazzo Medici hukutana na mambo yaliyo mbali na ukali wa nje. Mbele yake lipo behewa, yaani ua wa ndani, lililozungukwa pande zote nne na matao yanayobebwa na nguzo za mawe ya kijivu. Juu ya matao umezunguka ukanda wenye duara za mawe yaliyochongwa, nyingi zikifuata vito vya kale ambavyo familia ilivikusanya, na kati yake ngao yenye tufe, alama ya Medici. Mwanga hushuka kutoka juu, na nyuma ya behewa iko bustani iliyozungushiwa ukuta.

Katika behewa hilo, juu ya nguzo, ilisimama sanamu ya shaba ya Daudi iliyotengenezwa na Donatello. Huyo ni Daudi yule aliyemwangusha Goliathi, ambaye waliosoma chuoni wanamjua kwa jina la Jaluti. Ndani ya bustani ilisimama sanamu nyingine ya Donatello: Yudithi, mjane aliyemkata kichwa jemadari Holoferne ili kuuokoa mji wake. Florence ilimpenda Daudi kwa sababu ni mdogo aliyemshinda mkubwa, nayo ilijiona hivyo mbele ya madola makubwa yaliyoizunguka. Basi familia iliyokuwa ikiukunja mji mzima kiganjani mwake iliweka nyumbani, kwa mapambo, sanamu mbili za waliowaua madhalimu. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kwamba humu ndimo wanamokaa walinzi wa uhuru.

WALIOMO KATIKA MSAFARA

Orofa ya juu kuna kanisa dogo la nyumbani. Mwaka 1459 Benozzo Gozzoli alianza kuchora kuta zake juu ya lipu mbichi, na kazi hiyo bado ipo, rangi zake zikiwaka. Alichora msafara wa Mamajusi watatu wakienda Bethlehemu. Lakini msafara huo haupiti jangwani. Unapita katika vilima vya Toscana, na miongoni mwa wasafiri zimo nyuso za Cosimo, mwanawe Piero, wajukuu na washirika wao. Wenye nyumba walijitia katika habari takatifu, wakapanda farasi nyuma ya wafalme.

Mbele ya Cosimo na Piero anakwenda kwa miguu kijana mweusi aliyeshika upinde. Jina lake hatulijui, na huenda mchoraji alitaka tu kuonyesha utajiri wa mabwana wenye watumishi kutoka nchi za mbali. Ila kuwapo kwake kunatukumbusha jambo ambalo vitabu vya sanaa huligusa kwa ncha ya kidole. Tangu miaka ya 1360 sheria ya Florence iliruhusu kuingiza watumwa mjini, madhali si Wakristo. Wengi waliletwa kutoka pwani za Bahari Nyeusi. Mmoja wao alikuwa Maddalena, mwanamke wa Kicherkasi aliyenunuliwa Venice na kuletwa katika nyumba ya Cosimo. Alimzalia Cosimo mtoto wa kiume, Carlo, ambaye alilelewa na familia na kufanywa mkuu wa kanisa la Prato. Wataalamu wengi wanaitambua sura ya Carlo katika msafara ule ule wa ukutani. Mtoto alipewa nafasi kati ya wapanda farasi. Mama yake hakuchorwa.

MLANGO WALIOUFUATA WATU

Sasa twaweza kueleza jinsi baraza la mji lilivyohamia katika baraza la nyumba. Mwaka 1458 raia walipoanza kutaka uchaguzi urudi kuwa wa bahati ya kweli, wafuasi wa Medici waliita mkutano mkuu wa watu uwanjani. Askari wenye silaha waliuzunguka uwanja, na watu wakaombwa wakubali mabadiliko. Wakakubali. Mwaka uliofuata Papa Pius wa Pili alipita Florence, na katika kumbukumbu zake aliandika kwamba mambo ya siasa huamuliwa nyumbani kwa Cosimo, na kwamba mtu huyu alikuwa mfalme kwa kila kitu isipokuwa jina. Wakati huo huo mtoto wa mtawala wa Milan alipofika mjini, alilazwa katika nyumba ya Medici, na si katika jengo la serikali.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Cosimo alitumia fedha nyingi kwa mambo yaliyowafaa wengine. Alijenga upya nyumba ya watawa ya San Marco, kwa ramani za Michelozzo huyo huyo, na ndani yake ikawekwa maktaba iliyofunguliwa kwa wenye kutaka elimu. Alipokufa mwaka 1464, serikali iliamuru kaburi lake liandikwe jina la heshima, Baba wa Nchi. Na wako wanaosema hata leo kwamba bila watu kama yeye, Donatello na wenziwe wasingepata kazi. Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini kuba la kanisa kuu lilijengwa kwa usimamizi wa chama cha wafanyabiashara wa sufu, na sanamu nyingi bora za Florence ziliagizwa na vyama vya mafundi kwa ajili ya kuta za majengo ya umma. Sanaa ilikuwa na mlezi mwingine, naye ni mji wenyewe.

Piero mwana wa Cosimo alipofariki mwezi Desemba mwaka 1469, wakubwa wa Florence walikwenda katika nyumba ya Via Larga wakamwomba kijana Lorenzo, mwenye umri wa miaka 20, ausimamie mji kama walivyofanya babu yake na baba yake. Lorenzo mwenyewe ameyaandika hayo. Tutafakari tukio hilo. Watu wazima wa jamhuri, wenye Signoria yao na mifuko yao, walikwenda kwenye msiba wakauchukua mji wao na kuukabidhi kwa mrithi wa nyumba, kama mtu akabidhivyo funguo za ghala.

Zilipokwisha kukabidhiwa funguo, mipaka ilianza kufifia. Mwaka 1487 mabalozi wa Sultani Qaitbay wa Misri walifika Florence na wanyama wa zawadi, miongoni mwao twiga aliye hai. Mji mzima ulitoka kumtazama mnyama huyo wa Afrika, na hata leo vitabu humwita twiga wa Medici. Chumbani kwa Lorenzo katika Palazzo Medici zilitundikwa picha tatu kubwa za vita vya San Romano, kazi ya Paolo Uccello, ambazo sasa zimetawanyika London, Paris na Florence yenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ziliagizwa na Medici. Nyaraka zimeonyesha vingine. Picha hizo zilikuwa mali ya ndugu wawili wa familia ya Bartolini Salimbeni. Mmoja aliiachia sehemu yake. Mwingine, Damiano, alikataa, na watu wa Lorenzo wakaenda nyumbani kwake wakazichukua. Damiano alikaa kimya miaka yote ya nguvu za Lorenzo. Alifungua madai yake mwaka 1495, baada ya Medici kuanguka, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na mahali pa kushitaki. Mwamuzi na mchukuaji walikuwa nyumba moja.

SANAMU ZINARUDI KWA WANANCHI

Lorenzo alikufa mwaka 1492. Mwanawe Piero hakurithi busara zake. Mwaka 1494 Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa alipoingia Italia na jeshi kubwa, Piero alimwendea peke yake akampa ngome za jamhuri bila kuishauri serikali. Alifanya kama mtu anayegawa mali ya nyumbani, naye alikuwa amefundishwa hivyo na miaka 60 ya desturi. Aliporudi, tarehe 9 Novemba alikuta mlango wa Palazzo della Signoria umefungwa mbele yake na kengele zikilia. Akakimbia mjini. Jumba la Via Larga likaporwa.

Siku chache baadaye mfalme wa Ufaransa aliingia Florence, akalala katika jumba hilo hilo. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuulazimisha mji masharti mazito, raia mmoja, Piero Capponi, aliichana hati mbele yake, akamwambia kwamba kama Wafaransa watapiga tarumbeta zao, Florence nayo itapiga kengele zake. Mfalme akalegeza.

Jamhuri iliyorudi ilifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. Kwanza, iliunda Baraza Kuu jipya, lenye raia zaidi ya 3,000 wenye haki ya kuingia humo, na mwaka 1495 ikaanza kulijengea ukumbi mkubwa nyuma ya Palazzo della Signoria. Pili, iliwachukua Daudi na Yudithi kutoka nyumba ya Medici. Daudi aliwekwa katika ua wa jengo la serikali. Yudithi aliwekwa mbele ya mlango wake, chini yake pakachongwa maandishi mapya yaliyosema kwamba wananchi wameiweka hapo iwe mfano wa wokovu wa umma. Shaba ilikuwa ile ile na mkono wa fundi ni ule ule. Ila sanamu iliyokuwa pambo la mwenye nguvu iligeuka kuwa onyo kwake, kwa kuhamishwa tu kutoka bustani ya mtu hadi uwanja wa watu.

NYUMBA INAPOKWENDA SERIKALINI

Laiti habari ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Mwaka 1512 Medici walirudi kwa msaada wa askari wa Hispania, wakalivunja Baraza Kuu. Mwaka 1513 mmoja wao akawa Papa Leo wa Kumi. Ni katika miaka hiyo, karibu mwaka 1517, ukumbi ule wa kona uliofunguka njiani ulipozibwa kwa ukuta. Katika matao yake yakatiwa madirisha ambayo yanahesabiwa kuwa kazi ya Michelangelo, yenye miguu miwili mirefu ya mawe chini yake, hata watu wakayaita madirisha yaliyopiga magoti. Ni madirisha mazuri, na wasanifu wengi waliyaiga. Lakini mahali ambapo babu alihitaji kuonekana akiwapokea raia, wajukuu hawakumhitaji raia tena. Ukuta ulisema hivyo kabla ya sheria kusema.

Walifukuzwa tena mwaka 1527, wakarudi kwa nguvu za mfalme wa wafalme Charles wa Tano mwaka 1530, baada ya mji kuzingirwa kwa miezi mingi. Mwaka 1532 Signoria ilifutwa na Alessandro de' Medici akawa Duke. Alipouawa na jamaa yake mwezi Januari mwaka 1537, mamlaka yakaenda kwa kijana wa tawi jingine, Cosimo wa Kwanza. Mwaka 1540 Cosimo huyu alihama kutoka nyumba ya Via Larga. Alihamia wapi? Alihamia Palazzo della Signoria. Alichukua mke, watoto, watumishi na vitanda, akaingia kuishi katika jengo la umma. Ukumbi wa Baraza Kuu ulikuja kuinuliwa dari na Vasari, na juu yake zikachorwa picha za kumtukuza Duke.

Safari ilikuwa imekamilika. Cosimo wa kale aliivuta serikali polepole mpaka nyumbani kwake. Cosimo wa pili aliichukua nyumba yake akaipeleka serikalini. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili ilipita takriban karne moja, na hatua ya kwanza ndiyo iliyoifanya ya pili iwezekane.

Nyumba ya Via Larga iliuzwa mwaka 1659 kwa familia ya Riccardi. Hao waliirefusha upande wa njia, madirisha 10 ya orofa yakawa 17, na kwa ustadi waliufuata mtindo wa Michelozzo hata mpita njia hatambui kiungo. Walijenga ngazi kubwa mpya, na kwa ajili yake kona ya kanisa la Gozzoli ikakatwa na sehemu ya msafara ikasogezwa. Katika miaka ya 1680 Luca Giordano aliwachorea dari ya ukumbi wa fahari, akiwaonyesha tena Medici kati ya miungu ya kale. Mwaka 1814 jumba lilinunuliwa na serikali. Florence ilipokuwa makao makuu ya Italia, kati ya mwaka 1865 na 1871, humo ilikuwamo Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 1874 likawa mali ya Mkoa wa Florence, na tangu mwaka 2015 ni makao ya mamlaka ya jiji na viunga vyake iliyochukua nafasi ya mkoa. Wageni hulipa kiingilio wakapanda kumtazama Gozzoli, na katika vyumba vingine hufanyika kazi za kila siku za utawala. Baraza la nje lipo bado, na wapita njia bado hukaa juu yake.

Kwa hiyo yaliyoanza kwa serikali kuingia nyumbani mwa mtu yameishia kwa nyumba ya mtu kuingia mikononi mwa umma. Wananchi wa Florence hawakuibomoa. Walifanya vema. Jiwe halina hatia, na kazi ya mwashi haipungui thamani kwa sababu ya niya ya tajiri aliyemlipa. Lakini kuihifadhi nyumba kusitufanye tusahau kuisoma. Mtu akionyeshwa jumba zuri huuliza nani amelijenga na limegharimu kiasi gani. Maswali hayo ni mema, ila pana jingine lililo juu yake: mambo ya nani yanaamuliwa humo ndani, na je, wenye mambo hayo wana kiti, au wanangoja kwenye baraza la nje? Raia wa Florence walikaa juu ya jiwe lile miaka mingi, wakimshukuru mwenye nyumba kwa kuwapa mahali pa kupumzika. Waliposimama, walikuta kikao kimekwisha kufanyika ndani.